Nishushe Hapa, Nitembee

Thamesmead, Septemba 2003

Wakesho mwanangu,

Mama yako tulimpoteza Novemba ya mwaka juzi, siku ya Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, akiwa na miaka arobaini na saba. Wewe nilikupoteza wiki iliyofuata, jikoni, tulipotoka kumzika. Yeye aliondoka kwa moyo. Wewe uliondoka kwa sentensi moja, na mpaka leo tunaishi nyumba moja, tunachemsha maji kwa birika moja, na hujarudi.

Kesho unakwenda chuo, Sheffield. Mambo ya blanketi, ya kufunga mlango na ya kula vizuri sitayaandika, unayajua kuliko mimi. Ninaandika hii saa kumi na moja jioni, umeenda kuwaaga rafiki zako, kwa sababu kila nikifungua mdomo mbele yako tunaishia kuzungumza habari ya boila, kama maji yanapata moto au hayapati. Miezi ishirini na mbili ya boila, Wakesho. Hakuna boila duniani iliyozungumzwa hivyo.

Sentensi yako ilikuwa na maneno manne. Ulisema, "Baba, ulimkalisha mpaka akafa."

Tangu uanze shule ulikuwa unasikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Mama yako akiuliza umekula, unajibu kwa Kiingereza. Nikikugombeza, unajitetea kwa Kiingereza. Siku ile ukachagua Kiswahili, tena kizima, bila kosa. Nilijua hapo hapo kwamba ulikuwa umeyapanga maneno yale kwa siku kadhaa, labda kanisani mchungaji akiomba, ili nisipate pa kujificha na kusema sikuelewa.

Na mimi nilijibu nini? Nilipandisha sauti nikasema, "Unajua nimefanya kazi kiasi gani ili mama yako akae?"

Mimi sikujisikia. Wewe ulinisikia. Ukaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba hilo ndilo ulilokuwa unasema, ukapanda chumbani.

Nitatoa uchungu wangu kwanza, maana ninao, na nikiuficha barua hii itakuwa ya uongo. Sikuwa mlevi. Sikumpiga mama yako hata siku moja. Sikuwa na mwanamke mwingine, sikuzitumia pesa za nyumba nje ya nyumba. Kanisani kwetu yuko mzee mmoja, unamjua, hajawahi kumnunulia mkewe hata mwavuli. Juzi nilimwona mkewe anakimbilia basi na mifuko minne mikononi. Akalipata! Mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Akapanda, akakaa, wala hakuwa akihema. Nilikaa ndani ya gari langu nikamwangalia kupitia dirisha la basi, na nikasikia hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Yule hakumtunza mke, anaye. Mimi nilimtunza, sina.

Basi sikia jinsi nilivyomtunza.

Kwetu Taita, mlimani, nilipokuwa mdogo, niliweza kujua mtu amefanikiwa kwa kutazama viatu vyake. Aliyefanikiwa viatu vyake havikuwa na vumbi. Mwalimu mkuu, mwenye duka, karani wa serikali, hao walishuka kwenye gari hadi mlangoni, na soli zao zilikuwa safi kama za mtoto ambaye hajaanza kutembea. Sisi wengine tulikuwa na nyufa visiginoni. Mama yangu alipanda mlima ule na kuni mgongoni mpaka mgongo ukabaki na umbo la kuni hata siku asizobeba. Hakuna aliyetuambia kwamba kupanda mlima ni jambo jema. Tulijua kwamba wenye akili huondoka mlimani.

Tulipofika London, mwaka mmoja kabla hujazaliwa, mama yako alipata kazi ya kufagia maofisi mjini. Alitoka hapa saa kumi alfajiri. Saa hiyo upande wetu hakukuwa na basi, kwa hiyo alikwenda kwa miguu hadi stesheni ya Abbey Wood, kwenye yale madaraja ya zege, kando ya ziwa, bata bukini wamelala. Baadaye wakawa wanne: yeye, Mama Furaha kutoka Bukavu, Mghana mmoja na Mnaijeria mmoja. Walitembea katikati ya njia wakiongea kwa sauti ya juu ili mwenye nia mbaya ajue wako wengi. Kule ofisini alipanda ngazi na mashine ya kufyonza vumbi mgongoni. Akirudi alikupeleka shule kwa miguu. Mchana alilala kidogo, jioni alikwenda kuwaogesha wazee wa watu. Na lifti ya jengo letu unaikumbuka ilivyokuwa. Tuliishi ghorofa ya saba na lifti ile ilifanya kazi kama mtu aliyelazimishwa.

Hayo yote hakuna aliyeyaita mazoezi. Tuliyaita shida, na mimi niliapa kuiondoa shida.

Nilipofungua ofisi ya teksi, ulikuwa na miaka tisa. Magari mawili, baadaye manne. Unakumbuka siku ya maombi ya kuifungua? Mchungaji aliombea simu, akaombea redio, akaombea hata breki. Kisha nikasimama mimi. Nilikuwa nimezileta raba za mama yako kwenye mfuko, zile za bluu alizovaa kwenda kazini, zimelika upande wa nje wa kisigino. Nikaziinua juu. Nikasema, "Mnaziona hizi? Kuanzia leo mke wangu hatatembea tena." Nikazitupa kwenye pipa la takataka mbele ya watu wote. Vigelegele! Wanaume walinipa mkono. Wanawake walimwangalia mama yako kama bibi harusi, naye alicheka, mkono mdomoni.

Usiku watu walipoondoka aliniambia, "Zile raba zilikuwa bado nzima."

"Zilikuwa zimechakaa, Priska."

"Zilikuwa zimezoea mguu wangu."

Nilidhani ni maneno ya shukrani ya mtu asiyezoea kupewa.

Nikampa kazi ya kontrola, ya kupokea simu na kuwagawia madereva safari redioni. Nilimtoa kwenye ndoo nikamweka kwenye kiti, na kiti chenyewe kilikuwa cha ngozi, chenye vigurudumu, hata kwenda kwenye kabati hakuhitaji kusimama, alijisukuma kwa kidole cha mguu. Nilijivunia kiti kile kuliko magari. Asubuhi dereva alimchukua mlangoni, jioni dereva alimrudisha mlangoni. Tukahamia nyumba hii ya chini, ngazi zikaisha pia. Saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, na Jumapili nilimpeleka kanisani mimi mwenyewe, akashuka mlangoni na viatu visivyo na vumbi.

Na kazi ile aliiweza, hilo huwezi kulikataa. Wewe ulifanyia homework chini ya meza yake, ulimsikia. Juma wa Tanga, dereva wetu wa kwanza, alikuwa gari nambari mbili.

"Nambari mbili, uko wapi?"

"Niko njiani, Mama Kontrola."

"Njia gani? Ya kwa abiria au ya kwenye chipsi?"

"Mama, wewe unaona mpaka huku?"

"Sioni. Nasikia harufu ya siki."

Na chipsi zenyewe Juma alimletea, pakiti nzima, na mimi nikaona ni heshima.

Asubuhi moja Mama Furaha alipita ofisini akitoka kazini. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia na viatu vyake vya majimaji. Akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Papa Wakesho, umetunyang'anya mutu wetu. Sasa nani atatuchekesha kwa njia?"

Nikamjibu, "Mama, panda teksi. Nitakupunguzia."

"Teksi ya nini? Mimi niko na miguu."

Mama yako alicheka sana kitini pake. Kisha simu ikalia, akaipokea, na Mama Furaha akaenda zake. Sikufikiria wakati ule kwamba nimemkosesha kitu kingine zaidi ya kutembea. Hakuwa na rafiki wa kukaa. Rafiki zake wote walikuwa wa njiani.

Mwaka wa tatu wa ofisi akapimwa presha, ikawa juu. Mwaka wa nne sukari. Muuguzi wa kliniki alimwambia mambo mawili: ameze vidonge, na atembee nusu saa karibu kila siku, mwendo wa kumfanya aheme kidogo. Alinieleza mezani, wewe ukiwepo. Vidonge nilivishughulikia siku hiyo hiyo, nikampangia saa za kumeza, nikabandika kwenye friji. Kutembea sikukushughulikia. Nikamnunulia baiskeli ile ya kupigia pedali ndani ya nyumba, nikaiweka mbele ya televisheni. Wewe ukaianikia nguo zako za michezo, na hakuna aliyeziondoa.

Unaona nilivyolipokea? Kidonge kilikuwa dawa, kwa sababu kinatoka kwa daktari na mimi ndiye ninayekwenda kukichukua kwa gari. Kutembea kulikuwa umaskini, na mtu hawezi kumwandikia mke wangu umaskini.

Sasa nafika kwenye Jumapili ile. Najua unaikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umekaa kiti cha nyuma, vidude vya muziki masikioni. Tulikuwa tunatoka kanisani, hali ya hewa nzuri, miti ndiyo kwanza inaota majani. Mama yako akasema, "Nishushe hapa, nitembee."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Nyumbani si mbali."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika, baba Wakesho. Nataka kutembea."

"Na viatu hivyo?"

"Kwani vina nini?"

Nikamshusha. Laiti ningeondoka! Ningekwenda nyumbani nikaweka chai. Lakini niliwasha taa za dharura nikamfuata, polepole, gari likitambaa pembeni yake, dirisha nimelishusha.

"Priska, mvua."

"Mvua iko wapi?"

"Inakuja."

"Ikija nitaiona."

Magari yakajaa nyuma yetu, honi zikaanza. Mzee wa kanisa, yule yule wa mwavuli, akapunguza mwendo sambamba nasi akachungulia. "Kuna nini, ndugu yangu? Mmegombana?" Nikacheka kicheko kile changu cha watu. "Hapana mzee, anajaribu viatu." Akaondoka akitabasamu, na nikajua kabla ya jioni kanisa zima litasema biashara yangu imeanguka au ndoa yangu imeanguka. Nikamwambia mama yako maneno mawili: "Priska, unaniaibisha."

Akasimama. Akatazama miguu yake. Akazunguka mbele ya gari, akaingia, akafunga mlango taratibu. Nilitamani aubamize.

Wewe ukatoa kidude kimoja sikioni ukasema, kwa Kiingereza, ungemwacha tu atembee. Nikakwambia, "Nyamaza, hujui watu."

Miaka miwili na nusu iliyombakia, hakusema tena nishushe.

Siku ya Alhamisi ile nilikuwa barabarani nikirudisha abiria. Redio ilikuwa wazi. Nikamsikia Juma, "Nambari mbili nimemaliza, Mama." Kimya. "Mama Kontrola, nambari mbili." Kimya. Juma akacheka, akasema, "Leo umenikasirikia, sijaleta chipsi?" Kisha hakucheka. Mimi sikuwa mbali na ofisi, lakini nilifika wa tatu, baada ya Juma na baada ya gari la wagonjwa. Alikuwa bado kitini. Kiti kilikuwa kimesogea nyuma hadi ukutani, kwa vile vigurudumu.

Kwenye cheti cha kifo waliandika moyo, wakaandika na sukari. Hawakuandika kiti. Na mimi, siku ile jikoni uliponiambia vile, niliwaza: cheti hakijasema, daktari hajasema, mtoto wa miaka kumi na sita anasema.

Kwa hiyo nilikwenda maktaba. Hukujua hilo. Ulidhani Jumamosi mchana ninakwenda kukagua magari. Nilikwenda kutafuta karatasi ya kukuonyesha kwamba umekosea. Udaktari siujui, lakini hesabu haijawahi kunishinda, na mama wa maktaba alikuwa mvumilivu.

Nilichokutana nacho kwanza kilikuwa basi. Nakwambia kweli. Miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, daktari mmoja na wenzake, hapa hapa London, walilinganisha watu wawili wa basi moja la ghorofa: dereva na kondakta. Mji ule ule, moshi ule ule, zamu zile zile. Tofauti ni kwamba mmoja amekaa siku nzima, mwingine anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Wale waliokaa walishikwa na moyo zaidi, na uliposhika uliwaua upesi zaidi. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Mimi, dereva. Mke wangu, ambaye nilimtoa kwenye ngazi.

Na si basi tu. Baada ya hao, wamefuatwa watu wengi, wa nchi nyingi, miaka na miaka, na jibu huja na uso ule ule: wanaoutumia mwili huchelewa kufa kuliko wanaokaa. Moyo, kiharusi, sukari, hata baadhi ya saratani. Na si lazima uwe mkimbiaji. Faida kubwa anaipata yule aliyekuwa hafanyi chochote akaanza kufanya kidogo. Hilo la kidogo ndilo lililoniuma. Ningesoma kwamba ilihitajika kupanda mlima Kilimanjaro kila wiki ningelala usingizi. Ilihitajika tu kumwacha arudi kutoka kanisani kwa miguu.

Lakini mimi si mtu wa kukubali upesi, unanijua. Nikatafuta tundu. Nikalipata! Yule yule daktari wa mabasi alikwenda kutazama vipimo vya suruali za sare, akakuta madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makondakta tangu mapema, hata vijana wao. Maana yake labda si kiti kilichowaharibu, labda walikuwa tofauti kabla hawajakalia kiti. Wataalamu wengine nao waliuliza: je, huyu alikufa kwa sababu alikaa, au alikaa kwa sababu tayari mwili ulikuwa unaumwa kimya kimya, akachoka, akaacha kutembea? Kipi kilitangulia? Swali zuri. Nilifurahi, Wakesho. Pale maktabani nilifurahi, nikaona nimepata karatasi yangu. Labda mama yako alikuwa mgonjwa kwanza.

Nilitoka nje na furaha hiyo, nikafungua mlango wa gari, nikakaa, na mkono ukiwa kwenye ufunguo ndipo hesabu ikafunga.

Wale watu wa vitabuni hawajulikani kwa nini walikaa. Ndiyo maana wataalamu wanabishana. Mama yako anajulikana. Hakukaa kwa sababu alichoka. Wiki ile ya maombi ya ofisi alikuwa bado anawatangulia wenzake njiani. Alikaa kwa sababu mimi nilizitupa raba zake mbele ya watu. Na alipotaka kusimama, nilimfuata na taa za dharura mpaka akarudi kukaa. Tundu lile la kutokea lilikuwa la watu wengine wote. Mimi halikunitosha.

Nisikilize pia upande wa pili, maana haki ni haki hata ikiwa yangu. Hesabu ya watu wengi haimjui mtu mmoja. Inaweza kusema kati ya watu elfu wa namna hii wangapi watatangulia, haiwezi kunyoosha kidole ikasema ni Priska. Nyanya yako, mama yake mama yako, hakuwahi kukalia kiti chenye mgongo, na alikufa kwa moyo akiwa mdogo hata kuliko yeye, njiani akitoka shambani. Damu ile ilikuwa nayo mambo yake. Kwa hiyo uliposema nilimkalisha mpaka akafa, ulisema kitu ambacho hakuna daktari anayeweza kukiapia. Wala mimi siwezi kuapa kwamba si kweli. Nilikwenda maktaba kutafuta hapana, nikarudi na labda. Hapana ningeiweka mezani tukamaliza. Kwa ndiyo ningepiga magoti. Labda naipeleka wapi?

Mwezi wa sita nilinunua raba. Ziko ndani ya buti ya gari, chini ya tairi la akiba, kama mtu anayeficha pombe. Asubuhi moja nilizivaa nikasema nitafuata njia ya mama yako hadi stesheni, saa yake ile ile. Nilifika ziwani. Pumzi ikaisha, nikakaa kwenye benchi, mimi na bata bukini. Nikasikia vicheko vya wanawake gizani, wakatokea, na mbele yao Mama Furaha, nywele sasa nyeupe kidogo, mwendo ule ule.

"Papa Wakesho! Uko muzuri?"

"Niko salama. Napumzika."

"Utakosa treni."

"Sisafiri."

"Sasa unatembea unaenda wapi?"

Nikainama kufunga kamba. Akaniangalia raba, akaangalia tumbo, akaelewa, na kwa hisani yake hakusema alichoelewa. Alisema tu, "Priska alikuwa anatutangulia hapa. Tukimwambia punguza, anasema, nyinyi munatembea kama watu wanapelekwa polisi." Wenzake, wasichana ambao hata hawakumjua Priska, wakacheka. Kisha akasema wanachelewa, wakanipita, nikawasikia mpaka darajani.

Sikufika stesheni siku ile. Nimejaribu tena mara kadhaa, naongeza kidogo kidogo, lakini sijafika. Ninaishia darajani, narudi, nazificha raba, wewe ukiamka unanikuta nakunywa chai na tunazungumza boila.

Sasa ule ufunguo. Nilipokununulia gari la kwenda nalo chuo, ukauweka ufunguo juu ya mkate mezani na kusema Sheffield ni mji wa vilima na utatembea, nilikununia wiki mbili. Niliona umenitupia jasho langu usoni. Nimelirudisha gari kwa aliyeniuzia. Nilikuwa nakutafutia kiti wewe pia, Wakesho, na hukukaa. Nilichelewa kulifurahia jambo hilo, lakini nimelifurahia.

Sikuagizi utembee, utatembea bila mimi. Nakuomba kitu kingine. Iko siku utakuwa na mtu wako, umpende kwa nguvu, uwe na uwezo wa kumpa vitu. Siku hiyo mtu wako akikwambia nishushe hapa, simamisha gari. Usiulize amekasirika. Usimfuate.

Na sasa swali langu. Sikuulizi kama bado unaamini nilimuua mama yako. Hilo hesabu yenyewe haijui, na sitaki unidanganye kwa kuwa unaondoka. Nakuuliza jambo linalojibika.

Treni yako ya Sheffield inaondoka kule mjini saa tano. Juma atalipeleka sanduku kubwa kwa gari hadi Abbey Wood, tumeshapatana. Sisi wawili tunaweza kwenda na Juma, dakika chache tumefika, tukaagana mlangoni mwa stesheni kama watu. Au tunaweza kutoka saa moja na nusu, kwa miguu, kwa njia ya mama yako, madarajani na kando ya ziwa. Nitakuchelewesha. Nitasimama benchini. Labda itabidi unishike mkono pale darajani, ambapo sijawahi kuvuka. Njiani unaweza kuniambia lolote, kwa lugha yoyote, na sitataja boila.

Utatembea nami au hutatembea?

Usiniambie tutaona. Usiinue mabega. Nataka ndiyo au hapana, kabla ya saa moja kamili asubuhi, ili nijue nivae viatu gani.

Baba yako